Samaki wa Mong'ina Wamelewa

"Ati nimewapikia wakwe pombe. Ndivyo Rispa ameniambia, kuku na watoto wanasikia."

Mong'ina alisema hivyo hata hajakaa vizuri kwa benchi ya kahawa ya Mahmud, pale Rongo. Huyo Rispa ni mke mwenzake, na siku hiyo alikuwa amemnyima sufuria kubwa. Mambo yenyewe ni haya: Kemuma, binti ya Mong'ina, alitakwa na kijana wa Rangwe, na wazee wa kijana walikuwa njiani kuja kula. Watu wa Sabato kabisa, pombe hawagusi. Wakila, arusi iko. Wakisukuma sahani, msichana atabaki nyumbani. Na chakula ni ngege, samaki wa shimo la Mong'ina, wanaokaa kwa maji machafu ya kinu cha sukari guru, kile kimoja cha hapa Rongo.

— Si machafu, alisema Mong'ina. Yanalala shimo la kwanza mpaka povu iishe. Yanapita kwa matete. Ndiyo yaingie kwa samaki, yakitoka yamwagilie sukuma wiki.

— Shimo la kwanza linanuka busaa, alisema Elkanah. Huyu tunamwita Maji Moto, maana ni mzee wa kanisa la Sabato, kahawa hanywi. Anakaa hapo na kikombe cha maji moto, anatafuna sukari guru. Akaendelea: samaki amekunywa, wewe umekula samaki. Nani amekunywa?

— Dini yangu pia inakataza pombe, alisema Mahmud, lakini sijaona samaki akiingia baa.

— Wewe hujui, alisema Ratemo, tunayemwita Serikali kwa sababu alifagia ofisi ya D.C. Akaendelea: wakati wa mzungu, mwafrika alihitaji kibali kununua chupa ya pombe. Uhuru umekuja juzi, sasa hata ngege anakunywa bila kibali. Paka yangu alikula kichwa kimoja, akalala mpaka jioni.

— Paka yako analala kila siku, Serikali, alisema Mahmud.

— Na ule mgomba wa Mong'ina, kando ya shimo, umeinama, alisema Serikali. Mnafikiri ni upepo?

— Ni mizizi, alisema Maji Moto. Imelewa.

Moyoni Mong'ina alishaona Kemuma akizeekea jikoni kwake.

Mwisho wa benchi kulikuwa na mgeni wa baiskeli, vumbi mpaka nyusi, ametulia na kikombe chake cha maji moto.

— Wazee, alisema, hiyo sukari mnatafuna imetoka kinu gani?

Maji Moto aliacha kutafuna. Serikali akaangalia barabara. Mahmud akapindua birika. Kahawa ilikuwa imeisha.

— Mimi ni Nyamweya, baba ya kijana, alisema mgeni. Wengine wako nyuma na mguu. Mama, hao samaki wameiva? Nimetoka Rangwe na njaa.

Mong'ina alifunga leso vizuri, akasimama.

— Wameiva, baba. Na wewe Serikali, si unapita kwa Rispa? Mwambie nataka ile sufuria kubwa. Mwambie ailete mwenyewe, na aje na sahani yake.