Shangazi Anashuka Barafuni

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Shangazi atakabidhi funguo za stoo ya buti na kustaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Faili lake linasema ishirini na tisa. Ofisi nzima imebishana wiki mbili kuhusu namba ya kuandika kwenye kadi, mpaka mwenyewe akapita mlangoni na ndoo ya soksi akasema, "Andikeni mnayoipenda. Magoti yangu yanaijua ya kweli."

Ukweli ni kwamba miaka miwili ya mwanzo alikuwa kibarua wa kuosha na kukausha buti, na hakuna aliyekumbuka kumfungulia faili. Kwa hiyo tumeandika thelathini na moja. Karani wa masjala hajafurahi, lakini amesaini kadi.

Hata hilo jina la Shangazi halina maelezo. Wapishi wanasema lilianza na mpwa wake aliyefanya kazi hapa msimu mmoja. Walinzi wanaapa hajawahi kuwepo mpwa wa namna hiyo. Sisi wengine tulilikuta, tukalichukua. Meneja anamzidi umri kwa miaka minne, naye humwita Shangazi.

Kwa ndugu na majirani mliokuja kwenye sherehe bila kuwahi kufika kazini kwetu: mto wa barafu si maji yenye baridi. Ni barafu ngumu, nene kuliko ghorofa, inayoteremka mlimani taratibu mno hata jicho haliioni ikisogea. Kazi yetu ni kuwatembeza juu yake watu ambao hawajawahi kukanyaga barafu maishani. Tunawapa buti, koti na kofia ngumu, kisha tunawafungia chini ya buti vyuma vyenye meno ili wasiteleze. Safari ya wanaoanza ni ya saa tatu, kwenda na kurudi, kupitia njia tunayoikagua kila asubuhi na kuichomekea vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Si ngumu. Ila mguu wa binadamu haujazoea sakafu inayong'aa, na kwa nusu saa ya kwanza kila mgeni anakuwa kama ndama aliyezaliwa jana.

Shangazi aliingia kazi hiyo kwa sababu ya jino. Kiongozi mmoja wa safari aliamka shavu limevimba, wageni wanne wamekwisha kuvaa, na hakuna mwingine wa kuwapeleka. Shangazi akasema yeye anaijua njia, kwa kuwa siku zake za mapumziko alikuwa akipanda peke yake kuikagua. Wakamwacha aende. Walirudi wanne, wakicheka, na mmoja amebeba kipande cha barafu kwenye kofia kama mtoto mchanga. Kuanzia siku hiyo hakuwa tena kibarua wa kuosha buti, ingawa mpaka leo hamwamini mtu mwingine kukausha buti.

Ndiye aliyewafundisha wageni kutembea "kama mtu aliyelowana suruali," miguu imetanuliwa, kila unyayo ukikanyaga wote. Kauli hiyo haimo kwenye kitabu chochote cha mafunzo, lakini hakuna aliyewahi kuisikia asiielewe. Aliwahi kumpandisha jaji mstaafu ambaye aliamuru barafu iache kuteleza. Aliwahi kushuka na bibi harusi mgongoni, na bwana harusi nyuma yao akilia kuliko bibi harusi. Amefundisha viongozi kumi na wanne, na mimi ni wa tisa kati yao.

Hapo ndipo ninapotaka kueleza siku ya ukungu. Wengi mmeisikia vipande vipande, na kila kipande kina makosa.

Ni miaka kumi na moja iliyopita. Nilikuwa nimeacha kufundisha hisabati shuleni, nina miezi mitatu kazini. Tulipanda makundi mawili: Shangazi mbele na wageni wanane, mimi nyuma na wageni saba. Jumla kumi na tano. Siku zile wageni wote walivaa makoti ya rangi moja, ya chungwa, na usoni walijifunga skafu na miwani ya kuzuia mwanga. Kumtambua mtu ilikuwa kazi.

Tulipofika katikati ya njia, ukungu uliteremka. Sijui niueleze vipi. Juu peupe, chini peupe, mkono wako mwenyewe unauona kama wa jirani. Nikafanya nilichofundishwa: kila mgeni alikuwa na namba yake, nikawaambia waitike kwa zamu. Moja mpaka saba, zote zikaitikiwa. Nikashusha pumzi.

Mbele yetu, mahali nisipopaona, Shangazi naye alikuwa akihesabu. Yeye alihesabu kwa kushika bega, mmoja mmoja. Akapata tisa. Akarudia. Tisa. Akaanza kutoka mkiani. Tisa. Akauliza kwa sauti, "Nani hapa si wangu?" Kila mmoja aliamini ni wake.

Redio yangu ya upepo, ya kuzungumzia na Shangazi, ikakoroma.

"Una wangapi?"

"Saba, wote wapo."

"Una hakika?"

"Wameitikia wote."

"Mimi nina tisa, na nilitoka na wanane."

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami, maana mimi siku ile ilinishinda, na ndiyo kazi niliyosomea. Tisa na saba ni kumi na sita. Walipanda kumi na tano. Hakuna mtu anayezaliwa juu ya barafu. Nikamwambia haiwezekani. Akanijibu, "Najua haiwezekani. Kaeni chini, wote, juu ya mabegi yenu, asiinuke mtu."

Baadaye aliniambia kwamba dakika zile alianza kujishuku. Huenda asubuhi alitoka na tisa akasahau. Huenda umri umeanza. Alisimama pale peupe, hajui kama kosa liko kichwani mwake, kichwani mwangu, au kuna mtu anatembea peke yake kuelekea kwenye nyufa. Maana nyufa zipo. Kushoto kwa njia ile kulikuwa na ufa ambao ukidondosha jiwe husikii likigota.

Halafu akatazama miguu. Kila buti yetu ina namba ya saizi iliyopakwa rangi kisiginoni, na buti za kundi lake alizigawa mwenyewe. Akapiga magoti akapita mstari mzima akisoma visigino kwa vidole: thelathini na tisa, arobaini jozi mbili, arobaini na moja, arobaini na mbili jozi mbili, arobaini na nne, arobaini na tano. Nane zote alizikumbuka. Ya tisa ilikuwa thelathini na saba. Hakumpa mtu yeyote thelathini na saba.

"Mama, buti hizi alikupa nani?"

"Yule kijana mrefu mwenye miwani."

Yule kijana mrefu mwenye miwani ni mimi.

Redio ikakoroma tena. "Una mtu wa thelathini na saba?" Nikatazama orodha. Namba sita, mke wa fundi bomba. Nikaita, "Sita!" Sauti ikajibu, "Sita!" Nikamwambia Shangazi, yupo, ameitika. Akasema, "Usimwite. Nenda kamshike bega."

Nikaenda nikishika mabega. Namba tano, fundi bomba mwenyewe, bega lake nene. Nyuma yake nikanyoosha mkono, nikashika ukungu.

Mke alikuwa amesimama kukaza mkanda wa meno ya buti yake, akainua kichwa, akaona makoti ya chungwa, akayafuata. Yalikuwa si yetu. Na mumewe, tangu ukungu uingie, alikuwa akimwitikia. Aliamini yuko nyuma yake, amechoka kupiga kelele, basi akawa anamsaidia. Tano, sita, sauti moja ndani ya skafu, na mimi mwalimu wa hisabati sikusikia tofauti.

Alipogeuka na kupapasa hewa, aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akaanza kwenda. Hakujua anakwenda wapi, alikwenda tu, akiita. Nilimdaka mkanda wa kiunoni, tukaanguka wote wawili, na bado alikuwa akitambaa akinivuta. Nilipiga kelele kwenye redio kwamba simwezi.

Shangazi alimpa mama yule redio.

"Baba Watoto," ikasema redio, "kaa chini. Niko hapa. Nimekalia begi, na wewe kaa."

Fundi bomba akaketi. Akaichukua redio mikononi mwangu akaishika kifuani. Nilimwacha nayo, ingawa kanuni zinakataza.

Tulikaa hivyo saa moja na nusu. Ukungu ulipofunguka tulishangaa: makundi mawili yalikuwa hatua sitini tu kutoka moja hadi jingine, yamepeana mgongo. Na upande ule alikokuwa akitambaa fundi bomba, ufa ulikuwa hatua ishirini mbele. Mama alikuja kwa mwendo wa mtu aliyelowana suruali, polepole, akasimama mbele ya mumewe. "Siku nyingine nikiitwa mimi," alisema, "niache niitike mwenyewe." Kisha akamkaza skafu shingoni.

Jioni niliandika barua ya kuacha kazi. Shangazi aliisoma stooni, akaikunja, akaiingiza ndani ya buti iliyolowa kama gazeti la kukaushia. Akasema, "Mwanangu, kesho una wageni watano." Ripoti aliyoandika yeye ilikuwa na mistari minne, na jina langu halikutajwa kama la mkosaji. Tangu hapo kila kundi lina rangi yake ya koti, na hakuna kiongozi wetu anayehesabu kwa sauti. Tunashika bega. Katika miaka yake yote ya kuongoza, hakuna mgeni wa Shangazi aliyebaki juu.

Kwa nini anaondoka sasa, hatuelewi vizuri. Yeye anasema ni magoti. Binti yake anasema ni wajukuu. Mimi ninakumbuka jambo moja la msimu huu. Tulikuwa tukipeleka wageni mahali pa kufungia meno, mwanzo wa barafu. Alisimama ghafla. Mbele yetu palikuwa na kokoto, tope na kidimbwi cha maji ya kijani. Akatazama nyuma, akatazama mlima. "Tumekosea njia?" aliniuliza. Hatukukosea. Barafu ilikuwa imeyeyuka na kurudi juu, mwendo wa robo saa. Njia yetu tumeihamisha mara nne tangu nianze kazi, na yeye ndiye aliyeongoza kuihamisha mara zote, lakini asubuhi ile alisimama pale muda mrefu kama mtu aliyekuta nyumba yake imepakwa rangi nyingine. Kesho yake aliomba fomu ya kustaafu. Huenda ni magoti kweli.

Jumamosi iliyopita aliongoza safari yake ya mwisho. Ofisi ilitaka kumpa kundi kubwa, na wapiga picha. Alikataa. Alikuja na mtu mmoja, mumewe, seremala, ambaye kwa miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kupanda, kwa kuwa hata ngazi ya futi sita humtoa jasho. Nilikwenda nyuma yao, nimebeba chai.

Alimfunga meno mwenyewe, amepiga goti kwenye kokoto. Seremala alitembea ameshika begi la mkewe kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akiuliza kila hatua akanyage wapi. Hapa? Hapo. Na hapa? Hapo pia. Walipofika kwenye kijito kinachopita juu ya barafu, mkewe alimchotea maji kwa kikombe. Akanywa. Akageuza kichwa taratibu, akatazama ule weupe wote, na nyufa za buluu, na kibanda chetu chini, kidogo kama kiberiti.

"Kumbe siku zote ulikuwa unakuja huku," alisema.

Shangazi aliketi ubavuni pake, wakamaliza maji.

Kundi la Jumatatu saa tatu lina wageni sita, na mpaka tunapochapa karatasi hii hatujakubaliana nani atalichukua. Tutaelewana. Shangazi, kwa niaba ya viongozi kumi na wanne, wapishi, walinzi na karani wa masjala, asante. Lala hadi jua likuchome. Magoti yapone, wajukuu wakuchoshe kidogo tu, na uishi vizuri na watu wako, miaka mingi, kwenye ardhi kavu.