Foni Ilipotaja Jina Langu

Baba na mama, asante kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu kutoa ushuhuda. Nikikohoa kidogo musiogope, ni vumbi tu. Ile ingine ilishapona.

Mimi ni muntu wa Moba. Nilikuwa ninachoma mikate na kuiuza karibu na bandari ya kwetu. Nikashikwa na kikohozi, nikakonda, nikaanza kutema damu. Bwana yangu akanipandisha ku boti, nikakuja hapa Kalemie kupimwa ku hospitali. Wakakuta ni kifua kikuu. Munganga akaniambia, "Mama, hii inapona. Utaanza sindano hapa, sindano zingine na dawa utamalizia kwenu."

Ili Moba watayarishe dawa, hospitali iliwaita kwa foni, ile redio ya kusemezana. Wakataja jina langu, jina la bwana yangu, na ugonjwa wangu. Wakarudilia polepole, juu sauti ilikuwa inakatika. Hawakuwa na ubaya. Lakini ndugu zangu, foni haina mulango. Wafanyabiashara nao wana foni zao, wanasikia yote. Siku ile, mu duka moja la Moba, watu walijaa wakingojea bei ya ndakala, wale samaki wadogo, foni imefunguliwa kwa sauti kubwa. Njo wakasikia habari yangu.

Mimi sikujua kitu. Nilishuka ku boti kule Moba na furaha, nimewabebea watoto miwa. Wifi yangu alikuwa amesimama pa mchanga na mufuko wa nguo zangu.

"Usipande nyumbani," akasema. "Tunajua yote."

"Munajua nini?"

"Foni ilisema. Watoto wa kaka yangu hawatakufa juu yako."

Nikamutafuta bwana yangu kwa macho. Alikuwa nyuma yake, anaangalia maji. Nawaambia, kule kuangalia maji kuliniumiza kupita ugonjwa. Nikarudi ku boti ile ile.

Hapa Kalemie nililala ku baraza la watu. Sindano nikaacha. Niliwaza: nikienda hospitali watanisema tena, na huku nako nitafukuzwa. Damu niliitema mu kitambaa, nikakifula mu mto Lukuga watu wakiwa bado hawajafika. Kuna asubuhi niliingia mu maji mpaka kifuani, na sikuwa na kitu cha kufula. Musiniulize nini kilinirudisha. Hata leo sijui.

Mama mmoja infirmie, yule aliyenichoma sindano za kwanza, njo alinikuta sokoni.

"Mama, tunakutafuta. Ulipotelea wapi?"

Nikamuelezea yote. Akakaa chini pale pale kati ya mihogo ya watu, akalia. Halafu akanishika mukono mpaka ku biro, mule munganga anafanyia kazi.

Nikasema, "Papa Munganga, mulinitangaza kama bei ya samaki. Afadhali mungeniacha nife na jina langu."

Akasema, "Kule Kirungu kulikuwa mzee mugonjwa. Alikataa kushuka milima kuja kupimwa. Tulisema ni mubishi. Kumbe alikuwa amewaambia watu wake kwamba hataki kusemwa ku foni. Wamemuzika juma lililopita." Akaniangalia. "Mama, unisamehe."

Tangu pale, ku foni hawataji tena jina la mugonjwa. Wanasema namba tu. Jina linasafiri mu bahasha iliyofungwa, na anayeifungua Moba ni infirmie mumoja. Mimi nikarudilia sindano, nikapona. Bwana yangu hakurudi, sitawadanganya. Alioa mwingine. Binti yangu mukubwa njo alinifuata, yuko pale nyuma amekaa.

Ninamushukuru yule mama infirmie. Ninawashukuru wenye baraza, hawakunifukuza hata nilipowaharibia usingizi. Ninamushukuru munganga aliyekubali kosa mbele ya mugonjwa. Na Mungu, anayejua yote juu yetu wala hamwambii muntu.

Ndugu zangu, mukimuona muntu anatoka ku hospitali, musimuulize ameugua nini. Mumuulize kama amekula.