Madigadi ya Nereida

Mbele ya nyumba ya Evelio, katika mji mdogo wa Placetas, pana benchi ambalo zamani lilikuwa kiti cha nyuma cha basi, na kila asubuhi hukaliwa na watu watatu ambao hakuna aliyewahi kuwakaribisha. Waziri ni dereva wa basi mstaafu ambaye hajaacha kutoa amri. Mwanaanga alipelekwa Moscow mara moja kusomea matrekta, akarudi na kofia ya manyoya na majibu ya kila kitu. Wa tatu ni Chicharrón, aliyepewa jina la ngozi ya nguruwe ya kukaanga, na tumbo lake linaeleza sababu. Evelio mwenyewe ni fundi bati. Mashine yake ya kukandamizia ameiunda uani kwa vipande vya reli na jeki ya lori la miwa, na wiki ile haikumpa usingizi. Gari la marehemu Osmundo lilikuwa limegongana na mkokoteni wa farasi, madigadi moja ya mbele ikawa si ya kutamanika, na mjane wake, Nereida, alilihitaji Jumamosi, siku binti yake Yanelis atakapotimiza miaka kumi na tano na, kama ilivyo desturi, kuzungushwa mji mzima kwa gari. Evelio alimpenda Nereida kwa siri kubwa, na siri hiyo benchi zima liliijua.

Asubuhi hiyo alitoka uani na bati la tatu mkononi. Lilikuwa na mikunjo kama shati lililolaliwa.

— Limekataa tena, akasema.

— Nilikwambia, Waziri akadakia. Unalikandamiza kwa pupa. Bati linataka heshima.

— Heshima gani, mzee? Ni ubavu wa mashine ya kufulia.

— Ya wapi? Mwanaanga akauliza, akiweka kikombe chini.

— Ya Kirusi.

— Basi, kwisha habari! Bati hilo limezaliwa kwenye baridi. Huku kwetu linaona joto, linashtuka, linajikunyata. Mimi Moscow nimeona vijiko vikijikunja mezani.

— Acha fiksi zako! Wewe Moscow ulikuwa unalala na kofia.

— Nilalapo hapakuhusu, Chicharrón.

— Kosa liko kwenye kalibu, labda, Evelio akasema kwa unyonge.

Hapo Waziri akaruka, maana kalibu ilikuwa wazo lake. Madigadi iliyogongwa ilikuwa imejikunja mno, hata mfano wake haukuonekana. Waziri ndiye aliyeamuru wamimine saruji juu ya ile nzima iliyobaki, wapate umbo lake. Saruji ilipokauka benchi lote lilipiga makofi.

— Kalibu yangu usiiguse! Kwanza mashine yako umeielekeza wapi?

— Kwenye ukuta wa jirani.

— Yaani kusini. Chuma hupenda kaskazini, kila nahodha analijua hilo. Unalivuta bati huku, lenyewe linataka kule. Lisipate mikunjo lipate nini?

Chicharrón akamnyooshea Evelio kidole.

— Semeni mnachotaka. Mimi najua anayekunja hilo bati. Ni Osmundo.

— Osmundo amekufa, kaka, Evelio akasema.

— Ndiyo maana hana kazi nyingine ya kufanya! Mtu aliking'arisha chombo chake kila Jumapili, leo wewe unakishikashika, na jicho lako liko kwa mkewe. Ungekuwa wewe, ungekubali?

Wakacheka mpaka benchi likalia. Evelio alicheka nao, lakini maneno yale yalimchoma. Alishajiona Jumamosi ameshika usukani, shati limepigwa pasi, Nereida kando yake, na mji mzima ukiona. Madigadi ikishindikana, atabaki kuwa yule jirani wa kumtengenezea masufuria.

— Na dawa ya marehemu ni nini? akauliza.

— Mafuta ya nguruwe. Lipake bati lote, litateleza lisishikwe. Osmundo mwenyewe alikuwa hayapendi, yalimpa kiungulia.

Evelio hakuwa na bati lingine ila moja. Akalipaka mafuta, akalibana kingo, akaanza kusukuma mkono wa jeki taratibu. Wale watatu walimfuata uani. Bati likalia, likashuka, likalala kwenye saruji. Alipolitoa lilikuwa laini, limejaa vizuri, bila mkunjo hata mmoja.

— Kalibu yangu! Waziri akapiga kelele.

— Mafuta yangu!

— Limezoea joto, Mwanaanga akasema.

Nereida aliingia wakati wanakumbatiana, ameshika chupa ya kahawa moto. Akamimina vikombe, akaipapasa madigadi mpya, na Evelio akaona jinsi alivyotabasamu. Nereida akaipeleka kwenye gari lililoegeshwa hapo uani, akaisogeza kwenye ile nzima, zikafanana kabisa.

— Nzuri sana, Evelio. Sasa hii ni ya kushoto nyingine. Ya kulia mnaanza lini?

Waziri aliangalia mawingu. Chicharrón alikunywa kahawa iliyokuwa bado inaunguza.

— Tukiigeuza ndani nje... Mwanaanga akaanza.

Nereida akamtazama mpaka akakaa.

Evelio aliona aibu hadi masikio yakawaka.

— Nisamehe, Nereida. Nilitaka sana kukufurahisha, hata sikutazama ninachofanya.

— Jumamosi mwanangu atapanda gari lenye madigadi moja. Watu watacheka, na sisi tutacheka. Ila ya kulia utakuja kuitengenezea uani kwangu. Hamisha mashine yote.

— Kwako?

— Kwani una pengine unapotaka kwenda?

— Na sisi je, dada? Chicharrón akauliza.

— Nyinyi bakini mlinde benchi.

Akaichukua chupa yake, ikiwa bado na kahawa, akaondoka. Waziri alianza kueleza kwamba mashine ile haihamishiki, na Mwanaanga akasema Moscow waliwahi kuhamisha jengo zima. Evelio hakuwasikia. Alikuwa ameshapiga magoti, anafungua nati za mashine.