Benchi Lisogee, Viazi Vipate Udongo

Mtaa wetu wote umemwagwa saruji, isipokuwa mahali pamoja tu: chini ya benchi letu. Hapo tunamwaga machicha ya kahawa, udongo umenona mpaka minyoo ina vitambi. Jioni ile Soli, fundi viatu, alifika na beseni la marando ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, akataka tuhamishe benchi apande. Nilikasirika. Mgongo wangu umelizoea benchi lile kuliko godoro langu. Spana, fundi magari, na Redio, kinyozi wetu, walikuwa upande wangu.

SPANA: Benchi halitoki, mzee.

SOLI: Mjukuu wangu, jua likishazama, haoni. Zahanati wamempa dawa, wakasema na chakula kibadilike. Viazi hivi vimezalishwa viwe na vitamini A nyingi.

REDIO: Vimepigwa sindano ya karoti. Mimi kinyozi, nasikia mengi.

SOLI: Hakuna sindano. Wataalamu wamepandisha kiazi kwa kiazi, miaka na miaka, wakibakiza mbegu bora. Wewe si huwa unachagua jogoo wa kupandisha?

REDIO: Jogoo wangu hajawahi kubadilika rangi.

SPANA: Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kiazi hicho nilikila, kikaniachia doa kwenye shati.

MIMI: Methali hiyo haihusu shati, bwana.

SPANA: Doa lilikuwa nguoni au halikuwa?

REDIO: Doa si kitu. Ukizidisha, macho yanapitiliza. Kuna jamaa alivila wiki nzima, akaanza kuona sufuria za jirani kupitia ukutani.

SPANA: Ndiyo maana yule wa chumba cha pili anajua siku ninazopika nyama.

MIMI: Mwisho tutawaka wenyewe gizani, tusinunue umeme.

SOLI: Mmemaliza? Mimi leo napanda. Mkikaa, napanda katikati ya miguu yenu.

Akapiga magoti kweli, akaanza kuchimba kwa kisu chake cha kukatia soli, karibu kabisa na kandambili zangu. Nikakaza miguu. Nikamwambia, mzee, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sijui nilimaanisha nini, ila ilitoka kwa uzito. Yeye akaendelea kuchimba.

Jua lilikuwa limeshazama, lakini tulionana vizuri tu, hata mvi za Redio. Ndipo mjukuu wa Soli akaja, mtoto wa darasa la kwanza, mkono ukipapasa ukuta wa kinyozi. Akajigonga goti kwenye benchi, akasimama. Babu yake alikuwa mbele yake, karibu kumgusa, rando mkononi.

— Shikamooni, akasema, uso ameuelekeza kusiko na mtu. Babu yangu yupo hapa?

Redio akatazama ndani ya kikombe chake. Soli akaushika mkono wa mtoto. Mimi niliona aibu, aibu ya kweli, tangu kandambili mpaka utosini.

— Spana, nikasema, shika upande huo.

— Upande wa nini?

— Wa benchi. Inua.

Tulilibeba mpaka kwenye saruji, lakini hakuna aliyelikalia. Kahawa tuliimalizia tumesimama, Soli akipanda, mtoto amemshikia beseni.