Petroli ya Masudi Haikuwa na Maji

Ndugu waombolezaji, wachungaji wetu, mashehe mliofika, wenyeji wa Kolandoto, na ninyi mliotoka Buseresere na basi tangu alfajiri mkiwa na fulana zenu za kijani, kaeni pale penye nafasi, kwa sababu historia ya ndugu yetu ni ndefu, mjane ameagiza isirukwe hata mstari mmoja, na mkifika katikati mtaelewa wenyewe kwa nini ameagiza hivyo.

Enock Jilala alizaliwa tarehe 9 Machi 1962 katika Hospitali ya Kolandoto, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Jilala na mama Esta, wakulima wa pamba na wafugaji, ambao wote wawili wametangulia. Zipo karatasi zinazosema alizaliwa mwaka 1966, hizo alizijaza mwenyewe wakati anatafuta kazi, tumezikuta sandukuni, na tunazitaja hapa ili mtu asije kusema baadaye kwamba familia haijui kuhesabu. Marehemu ameondoka na miaka sitini na mitatu, siyo hamsini na tisa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970 na kumaliza la saba mwaka 1976 hapa hapa Kolandoto, hakuchaguliwa kwenda sekondari, na hakuna wa kulaumiwa, maana kila mwalimu aliyemfundisha alimkumbuka kwa kupiga ngoma juu ya dawati, hakuna aliyemkumbuka kwa hesabu. Elimu yake ya pili aliipata kwa kufungua mashine za watu na kuhakikisha zinafunga tena, kazi aliyoianza mwaka 1978 akiwa msaidizi wa fundi katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga.

Mwaka 1981, Jumapili moja huko Ngokolo, Enock aliisikia Igembe Jazz kwa mara ya kwanza, na kwa wale mliozaliwa juzi, hiyo ilikuwa bendi ya vijana tisa waliochukua magita ya umeme, tarumbeta mbili na yale majembe ambayo Wasukuma huyagonga wakilima kwa wimbo, wakavichanganya vyote mpaka mtu hajui acheze dansi au akalime. Wapo watu wanaopenda muziki kama wanavyopenda soda, ikiisha imeisha, lakini Enock hakuwa hivyo, alikuwa akitoka Kolandoto kwa miguu kwenda Ngokolo kusikiliza mazoezi yao nje ya ukuta, na alijua hata uzi upi wa gita la solo ulikuwa waya wa breki ya baiskeli.

Nje ya ukuta huo huo ndipo alipomkuta Paskalia, fundi cherehani, ambaye alimwambia waziwazi kwamba utamu wa Igembe uko kwenye tarumbeta na kwamba hilo gita lake linalia kama mbuzi aliyefungwa juani, jambo lililomkasirisha sana, wakabishana wiki tatu, na hata wazee walipopeleka posa ubishi ulikuwa haujaisha. Walifunga ndoa ya kanisani tarehe 17 Desemba 1988 huko Ngokolo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Dorah mwaka 1989, Benjamini mwaka 1992 na Rebeka mwaka 1996.

Mwaka 1991 alifuata dhahabu upande wa Geita kama vijana wengi, ila hakuchimba, alinunua pampu na jenereta, akawa anatoa maji kwenye maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji, na mwaka 1992 akaweka makazi Buseresere, akawa Baba Dorah kwa kila mtu. Kazini hakuwa na mchezo, bei yake ilikuwa moja kwa tajiri na kwa kijana aliyetoka shimoni na vumbi tupu mfukoni, na mtu akimwomba amwongopee mwenye duara juu ya mafuta yaliyotumika alikuwa anafungasha pampu yake na kuondoka bila kuaga. Kwa hiyo haya yanayofuata msiyasikilize kama habari za mtu mwongo, yasikilizeni kama habari za mtu mkweli aliyeteleza mara moja, akashindwa kuinuka kwa miaka thelathini na miwili.

Jumapili ya tarehe 22 Agosti 1993, Igembe Jazz walifika Buseresere, wakati huo ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Biharamulo, kupiga bugi, dansi la mchana, kwenye uwanja wa mpira, watu wakiwa wameshauza pamba na wachimbaji wakiwa wamepata. Jenereta iliyokodishwa ilikuwa ya Enock, na petroli ilinunuliwa kwa Masudi, kijana wa kutoka Kigoma aliyeuza mafuta kwa madumu kando ya barabara ya Biharamulo, ambaye aliipenda Igembe kupita kiasi, hata siku hiyo alifunga biashara, akalipa kiingilio kama watu wengine na kusimama mstari wa mbele. Kazi ya Enock ilikuwa moja tu, akae nyuma ya jukwaa na kuongeza petroli kabla tangi halijakauka.

Saa kumi na moja jioni bendi ilianza wimbo wa "Serafina wa Ngokolo", ambao waimbaji huanza taratibu, halafu majembe yanaingia, halafu gita la solo linabaki peke yake likilalamika, na mwishoni ndipo tarumbeta zote mbili zinapasuka kwa pamoja. Gita lile lilipobaki peke yake, Enock alikuwa ameshika dumu la lita tano tayari kwenda kuongeza, akasema moyoni achungulie dakika mbili tu, akachungulia, akazunguka jukwaa, akaingia uwanjani, akaliweka dumu begani na kucheza. Alicheza nalo kama bwana harusi na bibi harusi, huku jenereta ikinywa tone lake la mwisho, na pale tarumbeta zilipoinuliwa magita yakanyamaza, vipaza sauti vikafa, na wapigaji wakabaki wamevimba mashavu wakitazamana.

Aliwahi kufika kwenye jenereta kabla ya watu, na kiongozi wa bendi alipomuuliza kuna nini, alijibu maneno matatu, "Petroli ina maji."

Sasa, ukishasema petroli ina maji huwezi kumimina petroli hiyo hiyo na jenereta ikawaka, kwa hiyo ilimbidi afungue kabureta nzima isiyokuwa na ugonjwa wowote, akaipuliza, akaipangusa kwa shati, springi ikarukia kwenye nyasi, watu wazima wakapiga magoti kuitafuta, na ilipoonekana jua lilikuwa limezama na bendi ilikuwa inapakia vyombo kwenye lori, maana kesho yake walitakiwa Biharamulo mjini. Kiongozi wao aliahidi kwamba watarudi kuumalizia wimbo, lakini mwaka 1995 bendi ilisambaratika, na Buseresere hawakuzisikia tarumbeta zile uso kwa uso mpaka leo.

Masudi alisema siku ile ile kwamba petroli yake ni safi na kwamba amemwona fundi akicheza na dumu, lakini wengine wote macho yao yalikuwa kwa mpiga gita, na nani amsikilize muuza mafuta anayejitetea, na kufikia mwezi wa kumi hakuwa na mteja hata mmoja. Aliacha petroli akauza kahawa, na kule pia wakamfuata na jina lao la Masudi Maji, wakimuuliza kama kahawa yake ina maji, kana kwamba kuna kahawa isiyo na maji.

Mwaka 1996 mashabiki waliunda Chama cha Wapenzi wa Igembe, chenye fulana hizi za kijani, na mwenyekiti akachaguliwa Enock bila kupingwa, eti kwa sababu ndiye aliyepigana kuiokoa ile bugi mpaka giza. Tangu hapo kila tarehe 22 Agosti walikusanyika uani kwake kusikiliza kaseti, na wimbo ulipofika pale umeme ulipokatikia mwenyekiti alibonyeza kitufe, wote wakasimama kimya dakika nzima, wachimbaji wenye vifua vipana na akina mama wauza samaki wakifuta machozi, halafu kwa pamoja wakapaza sauti, "Maji!", wakageuka kumtazama Masudi, wakacheka, na kaseti ikaendelea. Mwaka wa kwanza ulikuwa utani, mwaka wa tano ukawa utaratibu, na hesabu yetu inaonyesha kidole cha ndugu yetu kilibonyeza kitufe kile mara ishirini na tisa.

Mtauliza kwa nini Masudi alikuwa anakwenda, na jibu ni kwamba alikwenda kwa ajili ya tarumbeta, kaseti nzuri ilikuwa moja tu na ilikuwa kwa Enock, na mtu aliyeipenda Igembe hakuwa na pengine pa kuisikia akiwa na watu wanaolia sehemu ile ile anayolia yeye.

Mama Dorah anasema kila mwaka baada ya shughuli mumewe alikuwa hali chakula. Alimtengenezea Masudi baiskeli bure, baadaye pikipiki, binti yake Masudi alipoolewa alipeleka mbuzi wawili, na watu wa Buseresere, ninyi hapo, mkamsifu kwamba ana moyo wa kusamehe, sifa ambayo kila akiisikia alikuwa anatoka nje kwenda kukagua jenereta isiyowaka. Anayecheka acheke, marehemu mwenyewe mwishoni alilicheka hilo mpaka wauguzi wakaja kumnyamazisha.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2023, akatibiwa akapata nafuu, hali ikabadilika tena, na tarehe 24 Juni 2025 alilazwa Kolandoto, hospitali ile ile alimozaliwa. Jumapili ya tarehe 27 Julai, Masudi alisafiri kutoka Buseresere na chupa ya kahawa kuja kumjulia hali, Enock akaanza kuzunguka kwa maneno, mara mafuta ya zamani yalikuwa na taka, mara madumu ya miaka ile hayakuwa yakioshwa vizuri, mpaka mkewe akamwambia, "Baba Dorah, sema."

Akasema yote, gita, dumu, kabureta na springi. Masudi alimaliza kumimina kahawa, akamkabidhi kikombe, akamjibu kwamba hayo yote anayajua tangu siku ile kwa kuwa nusura dumu limgonge kichwani, na kwamba alichokuwa anangoja ni kitu kingine.

"Jina hili sikupewa wodini, Mwenyekiti. Nilipewa uwanjani, watu wakisikia. Kaliondoe watu wakisikia."

Enock aliahidi kuliondoa tarehe 22 Agosti mwaka huu, akaagiza wanachama wote waitwe, hata waliohamia Kahama na Katoro, na kwa siku kadhaa alikula vizuri kuliko alivyokula mwaka mzima. Tarehe 11 Agosti pumzi ikawa nzito, akajua hataifikia tarehe hiyo, akamwambia Dorah achukue kalamu, akamtajia ungamo lake neno kwa neno, kisha akasema, "Mkiliruka hilo kwenye historia yangu, fulana ya Igembe mnivue." Alifariki Jumatano tarehe 13 Agosti 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Hatuwafichi kwamba Alhamisi tulikaa kikao cha familia na tukagombana. Benjamini aliona baba yake anavuliwa nguo mbele ya kaburi, wazee wawili wakamuunga mkono, wakasema historia ya marehemu ni ya kuzaliwa, kusoma na kazi, haya mengine ni ya bendi. Mama Dorah aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi siziki uongo. Nimelala nao kitandani miaka thelathini na miwili, unatosha." Kikao kikaisha hapo, na ndiyo maana marehemu amelala humu na fulana ya kijani.

Kwa hiyo, wapenzi wa Igembe, mmesikia, petroli ya Masudi haikuwa na maji, na mwenye kutaka kumwita tena kwa lile jina asimame aliseme sasa hivi, hapa, mbele ya mjane, na kama hayupo basi limezikwa leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kolandoto kwa wiki saba za uangalizi, na tunawaomba radhi kwa kelele za redio, inawashukuru pia majirani wa Kolandoto kwa maji, kuni na maturubai, majirani wa Buseresere walioyalinda makazi yake tangu Juni, mafundi wenzake na wenye maduara waliosimamisha pampu zao leo, na Chama cha Wapenzi wa Igembe ambacho, pamoja na ukali wote tuliousoma hapa, kilimpenda kwa dhati naye akakipenda.

Shada la chama lipo juu ya meza. Jana jioni mjane alimwomba Mzee Masudi aliweke yeye, akajibu kwamba kwanza atasikiliza tunasoma nini. Mzee Masudi, tumesoma, hatujapunguza. Ukinyanyuka kulichukua tutakupisha njia, ukibaki umekaa hakuna wa kukunung'unikia, mtoto mkubwa wa marehemu ataliweka na mazishi yataendelea, na kwa vyovyote tutamaliza kabla ya adhuhuri ili uwahi swala.

Enock mwana wa Jilala, ulichotutuma tumekisema. Lala salama, ngosha.