Magogo Mawili ya Fundi Chirau Boga

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote wa Shamba la Miwa la Mwaroni, wa ofisini na wa mashambani, wa zamu ya asubuhi na ya mchana, kwamba kuanzia Jumanne, tarehe 1 Julai 1969, yale magogo mawili ya mnazi yaliyolala kuliani mwa mlango wa karakana hayatakuwa tena na msimamizi. Idara zote zinaombwa kuipokea habari hii kwa utulivu.

Msimamizi mwenyewe ni Fundi Chirau Boga wa Munje, anayestaafu jioni ya Jumatatu, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Aliajiriwa mwaka 1937 kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Hakuna aliyemwambia lini aache kuosha na lini aanze kutengeneza, kwa hiyo alianza siku moja aliyoona inafaa, na kwa bahati trekta ikawaka. Tangu hapo akaitwa fundi. Cheti hana. Alipoulizwa na ofisi kuhusu cheti mwaka 1958, alipeleka leseni ya baiskeli.

Baiskeli hiyo inastahili kutajwa. Ameipanda kutoka Munje na kurudi kila siku ya kazi, na mnyororo wake haujapata kulia hata mara moja, kwa sababu Fundi Chirau huutia mafuta mpaka unadondosha. Mkewe, Bi. Biasha, ameeleza mara nyingi mbele ya mashahidi maoni yake juu ya jambo hili. "Baba Mwanapili," husema, "kanzu yako ya Ijumaa ina ramani ya wilaya nzima. Hapa Msambweni, hapa Kwale. Huo mnyororo unauoza mume?" Naye hujibu kwamba chuma hakijapata kufa kwa kushiba.

Msomaji alikumbuke jibu hilo. Kazi yake yote, mazuri yake na lile moja baya, imo ndani yake.

Sasa magogo. Kila giaboksi ina tundu la kumiminia mafuta, nalo liko ubavuni. Chombo kikisimama sawasawa, unamimina mpaka mafuta yanaanza kuchuruzika tunduni. Hapo imejaa, funga, nenda zako. Ndivyo vitabu vinavyosema. Lakini trekta zetu hufanya kazi kwenye mashamba ya juu, ambako ardhi imelala kama paa la nyumba, na trekta ikiinama mafuta hukimbilia upande mmoja, gia za upande wa pili zikasagana kavu. Kwa hiyo Fundi Chirau, tangu zamani za vita, alikuwa akiipandisha trekta magurudumu ya upande mmoja juu ya magogo yake, tundu likawa juu, kisha ndipo akamimina. Ikishushwa, inakuwa na mafuta zaidi ya yale yanayoruhusiwa na tundu. Kipimo hicho kiliitwa "ziada ya mlima". Kwa miaka ishirini na zaidi hakuna trekta ya Mwaroni iliyokufa gia, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kumimina. Mafundi wengine wangefungua na kufunga. Kopo la mafuta lilikuwa lake.

Tuje kwenye lile gari jekundu.

Meneja wetu wa wakati ule alikuwa na gari la viti viwili, fupi, la kukaa miguu imenyooka kama mtu aliye kitandani. Alilinunua mwaka 1964 kwa ajili ya mashindano ya mbio katika uwanja wa zamani wa ndege za vita, ambako klabu yao ilikuwa imechora mzunguko wa kona saba. Mashindano makubwa yalikuwa ya Jumatatu ya Pasaka, 1965, wiki moja baada ya Idi ya kuchinja. Gari hilo lilikuwa na ugonjwa mmoja: klachi yake ilikuwa imechakaa na ikiteleza. Injini inapiga kelele, magurudumu hayana habari.

Katika miezi hiyo hiyo fomeni wetu Mzungu alikuwa amefunga mizigo akarudi kwao, mwaka mmoja baada ya bendera kupandishwa, na kiti chake kilikuwa wazi. Watu wa karakana walihesabu wawili tu wa kukikalia. Mmoja ni Fundi Chirau, mwenye miaka yake. Wa pili ni Nzai, aliyetoka chuo cha ufundi Mombasa na cheti chenye muhuri, kijana mpole wa Mkongani ambaye hata spana alikuwa akiishika kama kalamu. Meneja hakutangaza lolote. Ila alisema, akiliegemea gari lake, "Fundi ya kweli ni ile taponya hii." Kila mtu alielewa anavyotaka.

Nzai ndiye aliyekabidhiwa. Akashusha giaboksi, akatoa klachi iliyoungua, akatia mpya, akafunga kwa utaratibu wa kitabu. Mafuta akamwachia mwenye kopo. Meneja akaenda uwanjani kujaribu, na kwenye mzunguko wa tisa klachi ikateleza. Nzai akatia nyingine. Safari hii gari lilifika Kwale bila tatizo, likateremka mlima, na lilipofika Kombani likakataa. Siku hiyo ilikuwa ya soko. Meneja alisukumwa na wauza machungwa mpaka pembeni mwa barabara, na mama mmoja akasikika akisema, "Gari lenyewe kama kasha la nguo, nalo lataka kusukumwa! Hebu mbebeni na mwenyewe."

Yaelekea maneno hayo ndiyo yaliyomuuma zaidi ya klachi. Jumatatu, tarehe 15 Machi, alimsimamisha Nzai mbele ya karakana nzima. "Wewe iko ua klachi mbili," akamwambia. "Ile cheti yako iko ya kupika? Mpaka Jumamosi. Kama gari hapana pona, wewe kwenda Mkongani kulima." Nzai hakubishana. Alivua kofia, akaivaa tena, akarudi kwenye meza yake kupanga spana ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa.

Hapo Fundi Chirau akaomba ruhusa ya kuuliza jambo. Alitaka kujua gari lilikataa wapi, wapi hasa. Meneja akasema amekwisha kusema: uwanjani na Kombani. "Naam, bwana. Uwanjani mahali gani?" Baada ya ile njia ndefu, kwenye kona ya kwanza. "Na kabla ya kona bwana hufanya nini?" Anakanyaga breki, bila shaka, anakanyaga kwa nguvu zote, la sivyo ataishia kwenye migunga. "Na pale Kombani, bwana alikuwa ametoka wapi?" Kwale, Chirau, Kwale! "Kwa mteremko," akasema Fundi Chirau. Charo, dereva wa lori aliyekuwa karibu, anasema uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko likiwaka nyumbani.

Kwenye barabara zetu za mchanga hakuna anayefunga breki namna ile, na ndiyo maana gari lilikuwa zima kila siku isipokuwa siku mbili. Fundi Chirau akaomba lijaribiwe papo hapo, kutoka kwenye mizani ya miwa mpaka lango kuu: mbio, breki kali, mbio, breki kali. Yeye akaketi kushoto, kofia ameishika kwa mikono miwili. Kazi ya kiwandani ilipungua kidogo kwa muda huo. Mara saba gari lilikwenda kama risasi. Mara ya nane, baada ya breki, injini ikalia juu kabisa na gari likabaki linajikokota, likitoa harufu ya pembe iliyoungua. Fundi Chirau akashuka.

Waliliingiza karakanani na kulisimamisha mahali sawasawa. Kabla ya kushusha chochote, Fundi Chirau akalala chini na kulifungua lile tundu la ubavuni. Giaboksi iliyojazwa vizuri ingetoa machozi. Hii ilitapika. Mafuta yalijaza kopo, yakafuata mkono wa shati lake, yakaenda sakafuni, na mafundi wakageuka kuyatazama magogo, kwa kuwa kila mmoja wao alijua nani alimimina na gari lilikuwa limesimama juu ya nini.

Nzai, ambaye kitabu kilikuwa kichwani mwake, ndiye aliyeeleza kwa sauti ndogo. Kwenye gari hili hakuna mpira wa kuziba kati ya giaboksi na klachi, kuna mfereji tu uliochongwa kwenye shafti, wa kurudisha mafuta nyuma. Mafuta yakiwa ya kiasi, unatosha. Yakizidi, na gari likifunga breki au likiteremka mlima, yanakimbilia mbele, yanapita, yanailowesha klachi. "Basi sahani ya klachi inateleza, inapata moto, inaungua," akasema. "Lakini mzee, si lazima iwe..." Fundi Chirau akamkatiza. "Ni lazima, mwanangu. Nimelishibisha mimi."

Usiku ule, kwa habari tulizo nazo, hakula. Bi. Biasha alidhani ni homa.

Ni vema kusema wazi alikuwa na njia gani mbili. Meneja hakuwapo tundu lilipofunguliwa. Alikuwa amekwenda kuoga. Ziada ilikuwa imekwisha mwagika. Ilibaki kutia klachi ya tatu, kujaza mafuta sawasawa, na kulirudisha gari likiwa zima. Fundi Chirau angekuwa mtu aliyeponya kile kilichomshinda mwenye cheti. Kiti cha fomeni kingekuwa chake, na Nzai angekwenda Mkongani kulima. Watu wa karakana wasingesema neno. Wengi wao walifundishwa naye kushika nyundo.

Jumanne, tarehe 16 Machi, saa mbili asubuhi, alikwenda ofisini amevaa kanzu ya Ijumaa. Mlango ulikuwa wazi, na masikio hayana kizuizi. "Bwana," akasema, "nimekuja kwa habari ya klachi. Nzai hana kosa. Klachi zako zote mbili nimeziua mimi, kwa mkono huu, kwa kudhani nalifanyia gari hisani." Akaeleza magogo, mlima, tundu, mfereji. Alieleza vizuri mno kwa mtu anayejishitaki. Meneja akasema, "Kosa ni kosa, Chirau." Akaongeza kwamba klachi iwe tayari Ijumaa.

Ilikuwa tayari Alhamisi. Nzai alifunga, Fundi Chirau alimimina, gari likiwa limesimama sakafuni, na yalipochuruzika tu akafunga kama mtu aliyeungua kidole. Jumatatu ya Pasaka gari lilizunguka mizunguko yote ishirini bila klachi kuteleza. Lilikuwa la tano kati ya magari tisa. Meneja alileta soda karakanani.

Na wiki hiyo hiyo ubao wa matangazo ukasema kwamba fomeni mpya ni Nzai. Charo alimfuata Fundi Chirau mpaka kwenye baiskeli. "Yakhe, ulimi wako umekuponza. Si ungenyamaza tu?" Fundi Chirau alimjibu kwamba angenyamaza, angepata kiti, halafu kila asubuhi angelazimika kuzungumza na watu huku akitazama viatu vyao. "Na wewe viatu vyako, Charo," akamalizia, "si vya kutazamwa kila siku."

Amri ya kwanza ya Fomeni Nzai ilikuwa kuondoa magogo. Ilidumu mpaka Agosti. Trekta mbili zikaanza kulia gia kwenye mashamba ya juu, na asubuhi moja fomeni akaonekana akiyaviringisha magogo mwenyewe kuyarudisha mahali pake. "Shikamoo mzee," akasema, akifuta mikono. "Za mlimani, mimina unavyojua. Mengine tuulizane." Wamekuwa wakiulizana kwa miaka minne. Watu wawili hawa hawajapata kutofautiana isipokuwa juu ya chai, ambayo Nzai huinywa bila sukari, jambo gumu kulieleza katika shamba la miwa.

Wasifu hauna budi kutaja mafanikio. Fundi Chirau ametengeneza trekta zote za Mwaroni, nyingine mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Amefundisha mafundi kumi na wanne. Alizuia tanuri lisisimame mwaka 1952 kwa mkanda wa suruali, na akafanya kazi siku nzima ameshika kiuno. Hajapata kuchelewa. Na kwa miaka minne iliyopita, kila fundi mgeni anayeingia karakanani husimuliwa kwanza, kabla ya kuonyeshwa choo, habari ya mzee aliyetoa kiti cha fomeni ili mwenzake asifukuzwe.

Fundi Chirau, shamba linakushukuru kwa miaka yako na kwa mafuta yako, hata yaliyozidi. Mwenyezi Mungu akupe afya, akuzidishie Bi. Biasha subira, na mnyororo wako usilie kamwe. Ukipita njia hii, karakana ni yako. Kopo liko mahali pake.

Faili lako limekaguliwa wiki hii kwa ajili ya kustaafu, na ndani yake imekutwa nakala ya barua kutoka makao makuu Mombasa, inayomteua Nzai kuwa fomeni kwa sababu ya cheti chake. Ina tarehe 9 Machi 1965, wiki moja kabla ya ile Jumanne ya kanzu.