Kompyuta Nane Zilizozimwa kwa Amri

Mgeni rasmi, shikamoo. Mkuu wa shule, walimu wetu, nanyi wazazi mliotoka Sepuka na vijiji vya jirani, tunawasalimu kwa heshima. Mimi ni Pendo Mughwai, nasoma risala hii kwa niaba ya wanafunzi arobaini na mmoja wa somo la kompyuta.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tuliagizwa risala iwe fupi na ya furaha. Kwa ufupi tutajitahidi.

HISTORIA

Chumba cha kompyuta kilijengwa na wazazi hawa hawa, waliosomba mawe na mchanga. Wafadhili wakatupatia kompyuta tisa. Mwalimu Lea Nathanaeli akatufundisha, kuanzia namna ya kushika kipanya.

MAFANIKIO

Kompyuta moja ilikataa kutambua diski mpya. Mwalimu Lea alisoma maelezo ya watengenezaji, akaona dawa yake ni kusasisha BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Kabla ya kugusa alinakili kazi zetu, akalinganisha namba ya ubao mkuu wa mashine na ya faili la kusasishia, akaichomeka mashine kwenye betri ya akiba. "Umeme ukikatika katikati ya kazi hii," alituambia, "haitaamka tena."

Iliamka. Tulipiga makofi. Tukamwuliza, "Na zile nane?" Akajibu, "Zinaumwa? Basi ziacheni. Mzima hapewi dawa."

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa ndipo tuliposhauriwa kupita haraka. Hatutapita haraka.

Mwezi wa pili alikuja mtaalamu aliyetumwa na wafadhili, akataka zile nane zisasishwe siku hiyo hiyo. Wingu la mvua lilikuwa limetanda, na umeme ulishakatika mara mbili tangu asubuhi. Betri ya akiba tunayo moja, nayo inabeba mashine moja tu.

"Mwalimu, unaogopa kompyuta?"

"Naogopa umeme, ndugu yangu. Nipe wiki moja, nitazifanya moja moja kwa betri."

"Mimi nina ratiba. Kesho natakiwa Misigiri."

Akachomeka flashi kwenye zote nane, akaanza kuzisasisha kwa pamoja. Kazi haijafika nusu, umeme ukakatika. Uliporudi, hakuna hata moja iliyoamka. Mtaalamu alichomoa flashi zake, akapanda gari, akaondoka bila kutuaga.

Ripoti ya uchunguzi iliyofuata ilisema: uzembe wa mwalimu wa somo. Barua yenye muhuri wa ofisi yako ya elimu ikamwondoa Mwalimu Lea darasani, ikamweka stoo ya vitabu. Tulikuwemo chumbani arobaini na mmoja, wote tuna macho na masikio. Hakuna aliyetuuliza hata swali moja!

Kabla ya barua hiyo, mwalimu alibeba kompyuta moja kwenye basi hadi Singida mjini. Fundi Antipasi akaiandikia BIOS upya kwa kifaa chake, ikawaka. Saba zilizobaki zingepona vivyo hivyo, ila zimefungiwa kabatini kwa sababu zinaitwa ushahidi. Ushahidi wa nini, kama shahidi hasikilizwi? Sisi tunagombania kompyuta mbili, na mtihani wa vitendo unakuja.

MAOMBI

Hatuombi kompyuta mpya. Tunaomba kabati lifunguliwe, zile saba zipelekwe kwa fundi. Tunaomba uchunguzi urudiwe, nasi tuhojiwe. Na barua ile ifutwe kwa maandishi, isomwe mstarini, kama ilivyosomwa ile ya kumwondoa.

Jana Mwalimu Lea aliiona rasimu ya risala hii. Akatusihi, "Wanangu, jina langu liondoeni, msije mkapata matatizo." Mgeni rasmi, hatujawahi kumkatalia neno mwalimu huyu. Jana tulimkatalia.

Mungu akujalie sikio la haki na safari njema.

Ni sisi, wanafunzi wa somo la kompyuta, kidato cha nne, tuliokuwemo chumbani siku ile.